Nusu ya Wembe

Kila mteja alipokaa kwenye kiti, kinyozi alifanya jambo lile lile. Alichukua wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Akaukunja kwa vidole viwili, tak! Ukavunjika vipande viwili. Nusu moja ilikuwa ya mteja huyo. Nusu ya pili ilikuwa ya kumalizia shingo yake.

"Umeona kwa macho yako," alisema. "Mpya."

Kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Wembe Mpya. Jina hilo lilimvimbisha kichwa kidogo. Na kweli alikuwa mtu safi. Kioo chake kiling'aa, taulo zake zilinukia sabuni.

Lakini usafi wake uliishia kwenye kidevu cha mteja. Nusu ya wembe iliyotumika aliifunga kwenye kipande cha gazeti, akaitupa kwenye kiroba nyuma ya mlango. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na kiroba kilikuwa kimoja tu. Mke wake alitupa humo maganda ya viazi, makopo na nepi za mapacha wao. Yeye alitupa humo nywele na nyembe. Kikishatoka mlangoni, waliona si chao tena.

Taka za mtaa zilizolewa na Bi Toroli. Alipita kila Jumanne na Ijumaa akisukuma toroli lenye gurudumu moja linalolia. Alifungua kila kiroba pale pale barabarani. Maganda aliyapelekea wakulima wa mboga wakatengeneze mbolea. Chupa na makopo aliviuza. Kilichobaki alikipeleka jalalani. Kwa kuwa watu walichanganya kila kitu, ilibidi achambue kwa mikono.

Ijumaa moja asubuhi kinyozi alisikia ukelele. Alitoka mlangoni. Bi Toroli alikuwa ameshika mkono wake wa kulia, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Fundi viatu wa duka la jirani alikimbilia bomba lake na kulifungua. "Minya, damu itoke!" alisema.

"Siminyi wala sinyonyi," Bi Toroli alijibu. "Nipe sabuni." Aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaosha tena. Kisha akarudi kwenye viroba, na kwa kijiti akaibua kipande kidogo kinachong'aa.

"Wembe!" alisema kwa sauti ili mtaa wote usikie. "Ni wa nani huu?"

Viroba vilikuwa sita, vimeshamwagwa pamoja. Watu walitazamana. Kinyozi alirudi hatua moja nyuma, ndani ya mlango wake.

"Basi naenda zahanati," Bi Toroli alisema. "Na sigusi tena taka za mtaa huu mpaka mwenye wembe ajitokeze." Akaacha viroba pale pale, akaondoka.

Tangu saa hiyo kinyozi hakuwa na raha. Alimnyoa mtu akamwachia kipara kidogo kisogoni. Alifagia mahali alipokwisha kufagia. Kila mlio wa gurudumu ulimfanya achungulie nje.

"Una nini leo?" mke wake aliuliza.

"Sina kitu."

"Huna kitu, na umetia chumvi kwenye chai?"

Jumamosi nzi walijaa. Jumapili mbwa walichana viroba, nepi zikatapakaa mpaka mbele ya duka. Jumatatu mtu mmoja alichoka, akawasha moto rundo zima. Moshi wa plastiki uliingia kila nyumba. Mke wa kinyozi alianua nguo mbio mbio huku akikohoa, na mapacha walilia, macho yakiwawasha.

Baya zaidi lilikuwa maneno. Jumatatu hiyo mteja mmoja alisema, povu likiwa kidevuni, "Wembe ule ni wa fundi cherehani. Si ndiye anayefumua nguo kwa wembe kutwa nzima? Nimempa vidonge vyake asubuhi. Nguo zangu napeleka kwingine."

Kinyozi aliendelea kunyoa. Kutoka mlangoni alimwona fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Alikuwa mama mjane, mpole. Cherehani yake ilikuwa kimya, naye amejiinamia.

Mchana mke wake alifunga mlango wa duka na kusimama mbele yake.

"Baba Pacha, nikuulize kitu. Fundi cherehani anatumia wembe mzima au nusu?"

Kinyozi alianza kukunja taulo.

"Mzima," mke alijijibu. "Nusu haishikiki mkononi bila kishikio. Katika mtaa huu nani anavunja wembe nusu?"

"Niliifunga kwenye gazeti," alisema kwa sauti ndogo.

"Gazeti lililolowana maji ya viazi! Nami niliyamwaga hayo maji, kwa hiyo tumo wote wawili. Lakini yule mama anatukanwa kwa ajili yetu. Wewe unakaa vipi?"

"Sikai. Huoni kwamba sikai?"

"Basi vaa viatu."

Walikwenda pamoja nyumbani kwa Bi Toroli. Walimkuta uani, mkono umefungwa bendeji, akitenganisha vifuniko vya chupa kwa mkono wa kushoto. Hakuwakaribisha viti.

"Dada," kinyozi alianza, "wembe ulikuwa wangu."

"Najua. Nani mwingine anavunja wembe?"

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Nilikuuliza mbele ya watu, ukauchuna. Nikasema nikuone wewe ni mtu wa namna gani." Alitupa kifuniko kwenye ndoo. "Unajua nilivyoulizwa zahanati? Wembe umemkata nani kabla yangu? Lini? Nikabaki kutoa macho."

"Amesemaje daktari?" mke aliuliza.

"Amesema nimefanya vizuri kuosha na kwenda siku ile ile. Mtu akikatwa na wembe au sindano iliyotumika, asisubiri. Damu ya mtu huweza kubaki hata mahali usipoiona. Nimechomwa sindano ya pepopunda. Nimepewa vidonge vya kuzuia virusi, kila siku, siku ishirini na nane. Vinanitia kichefuchefu. Na lazima nipimwe tena, mpaka miezi mitatu ipite. Miezi mitatu silali vizuri, kwa nusu ya wembe."

Kinyozi alilia. Hakujificha.

"Machozi yako sina pa kuyaweka," Bi Toroli alisema. "Mimi umeniambia. Yule fundi cherehani je?"

Jumanne asubuhi kinyozi alisimama kando ya majivu ya taka. Watu walikuwa wakienda kazini. Alipaza sauti. "Wembe ulikuwa wangu. Fundi cherehani hana kosa. Nilinyamaza kwa woga wa kukosa wateja."

Wengine waliguna. Yule mteja aliyemtukana fundi cherehani alitazama viatu vyake. Fundi cherehani alimsogelea kinyozi. "Siku nne," alimwambia. "Siku nne nimeitwa muuaji, nawe unaniona." Akarudi kwenye kazi yake. Kinyozi alijua amestahili.

Hapo ndipo Bi Toroli alipofika, bila toroli, na kopo tupu la maziwa ya unga mkononi.

"Leo ni yeye," alisema, "lakini msicheke. Mwezi uliopita nilitoa chupa iliyovunjika kwenye kiroba cha fundi viatu. Sasa sikilizeni. Kitu chenye makali hakikai kwenye mfuko wala gazeti. Kinakaa kwenye kopo gumu kama hili. Tobolea kifuniko mwanya mwembamba, kifunge kwa utepe, usikifungue tena. Likikaribia kujaa, ziba mwanya. Nimeongea na zahanati. Watayapokea makopo hayo, wana tanuri la kuchomea."

"Na chupa zilizovunjika?" fundi viatu aliuliza kwa adabu.

"Ndani ya boksi, ulifunge, uniandikie VIGAE. Na kila nyumba iwe na ndoo mbili na mfuko mmoja. Ndoo ya kwanza maganda na mabaki ya chakula. Ndoo ya pili chupa na makopo, yasuuzwe, yakauke. Nepi na uchafu mwingine kwenye mfuko uliofungwa. Na asichome mtu plastiki. Moshi wake ni sumu."

"Tukifanya hivyo utarudi?" mke wa kinyozi aliuliza.

"Nitakuja Ijumaa. Nikikuta mchanganyiko, nageuza."

Ijumaa hakugeuza. Alikuta nyumba mbili tu zimekosea, akaziachia ndoo zao pale pale, zikajifunza. Kinyozi alikuwa amezungukia vinyozi wenzake wote wa mji. Aliwapelekea makopo yaliyokwisha kutobolewa na akawasimulia kisa chake bila kukipunguza. Wengine walimcheka. Kila mmoja alibaki na kopo. Yeye na mke wake walimnunulia Bi Toroli glavu nene za ngozi. Alizivaa bila kusema asante.

Barabara ilisafika. Nzi walipungua, na wakulima wakaanza kusifu mbolea isiyo na vigae. Fundi cherehani alipata tena wateja. Lakini kinyozi hakutulia. Moyoni alihesabu wiki. Kila alipomwona Bi Toroli alimtazama usoni, akitafuta dalili, asithubutu kuuliza.

Asubuhi moja alikuwa katikati ya ndevu za mteja aliposikia gurudumu likija kwa kasi. Halikusimama kwenye ndoo. Lilisimama mlangoni kwake.

Bi Toroli aliingia akihema. "Nimetoka zahanati," alisema. "Kipimo cha mwisho. Niko salama."

Kinyozi alitumbukiza wembe kwenye kopo, akaegemea ukuta, akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Inuka bwana," Bi Toroli alisema. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alikuwa akitabasamu. "Mteja wako ana ndevu upande mmoja."

"Ndiyo, na nimechelewa kazini!" mteja alilalamika.

"Nisubiri kidogo, ndugu yangu," kinyozi alisema, akifuta macho kwa taulo safi. "Nakuvunjia wembe mpya."