Mita Kumi na Mbili za Pamba

Jumamosi ile mtaa wa vitambaa ulifurika hadi mtu akitaka kupiga chafya anaomba nafasi. Ndani ya duka la tatu kutoka kona, mikono miwili ilishika kitambaa kimoja cheupe. Mmoja wa kike, kucha fupi zisizo na rangi. Mwingine wa kiume, umegandwa na unga wa plasta hadi kiwikoni.

"Kaka, niachie. Nimekishika kwanza."

"Dada yangu, wewe umekishika, mimi nimekikumbatia."

Mwenye duka, mama aliyeona mapenzi mengi yakianzia kwenye kaunta yake na mengine yakifia hapo hapo, akaning'iniza futikamba shingoni. "Zimebaki mita kumi na mbili. Piganeni, ila msinichanie."

Binti, ndani ya gauni la bluu lililomkaa kama limezaliwa naye, alichomoa uzi mmoja, akaomba kiberiti cha dukani, akauchoma. Uzi ukaungua upesi, ukaacha jivu jepesi.

"Pamba tupu," akatangaza, kama daktari anayetoa majibu.

"Na ingekuwa nailoni?"

"Ingejikunja, kama utakavyojikunja nikikunyang'anya."

Kijana akacheka hadi plasta ikapukutika. "Basi tugawane, Kiberiti. Sita zako, sita zangu. Na namba ya simu iwe nyongeza."

Binti alinyoosha mkono apokee simu ya kijana, kisha akaurudisha, akagusa kwanza mguu wa chuma wa meza.

"Hiyo ni dawa ya mganga?"

"Ni mazoea tu. Una maswali kama mtihani wa mwisho."

Sasa sogea nikunong'oneze, maana kijana hakuambiwa. Binti yule alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha risasi. Huko nailoni ni marufuku hata kwenye nguo ya ndani, kwa sababu huzaa cheche, na kila anayeingia hugusa nguzo ya shaba ili umeme wa mwilini ushuke ardhini. Babu yake alichimba msingi wa kiwanda kile. Baba yake ni msimamizi wa zamu, shangazi yake yuko stoo, kaka yake anaendesha magari ya mizigo. Nyumba ile hata chai ilinukia baruti. Ada za shule na matibabu ya mama, vyote vilitoka humo.

Na kijana? Jioni hiyo alijieleza mwenyewe kwenye simu.

"Natengeneza miguu ya bandia, hospitalini. Pamba nashonea soksi za kuvika kigutu, kisichubuke."

Upande wa pili, sauti ya mkasi uliokuwa ukikata pamba ikakoma.

"Kiberiti? Umezimika?"

"Nipo. Hao watu... miguu yao ilienda wapi?"

"Wengi ajali za barabarani na kisukari. Wengine vita."

"Wengine wangapi?"

"Hujambo wewe! Mimi nikikuuliza unapofanya kazi unaniambia 'vyuma', halafu unanihoji kama polisi."

"Vyuma vidogo vidogo, Fundi. Lala salama."

Hakudanganya. Aliukata ukweli kwa mkasi, akampa kipande. Kipande kingine alikihifadhi, na kila wiki kilizidi kuwa kizito, kwa sababu kila wiki alizidi kumpenda.

Walipendana kwa kelele. Fundi alilalamika kwamba simu ya mpenzi wake inazimwa kutwa nzima. "Inalala kwenye sanduku la getini," binti alijibu, "na wewe ungelala kidogo, ungependeza." Akamfundisha kukaa kimya sinema ikiendelea. Alishindwa.

Mwezi wa tatu, Fundi akamkaribisha karakanani. Kiberiti alifika na sketi ya njano na kilemba cheupe, akakuta miguu imening'inia ukutani kama nguo dukani: mirefu, mifupi, mmoja wa mtoto uliopakwa rangi nyekundu. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja mcheshi, mwanajeshi mstaafu, ambaye wote walimwita Sajenti. Mguu wake wa kushoto uliishia juu ya goti.

"Huyu ndiye Kiberiti? Fundi, amekuzidi mbali! Binti, nishike mkono nisimame."

Kiberiti akanyoosha mkono, akaurudisha, akagusa kwanza chuma cha benchi.

Sajenti akamtazama, uso ukachanua. "Aa! Nimekaa ghala la silaha miaka kumi, sisi watu wa baruti tunajuana. Mwanangu, wewe ni wa kiwanda cha risasi. Risasi zenu nzuri! Hazikuwahi kunigomea hata moja."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Kiberiti alitazama ule mguu mwekundu ukutani, kisha akamtazama Fundi.

"Vyuma vidogo vidogo," Fundi akasema taratibu.

"Ningekwambia."

"Lini? Tukishapata wajukuu?"

Kiberiti akatoka bila kuaga. Sajenti akabaki ameduwaa. "Nimemsifu jamani! Nimekosea wapi?"

Siku kumi na moja simu haikuita upande wowote. Fundi alitoboa mguu wa mteja mahali pasipotakiwa tundu. Kiberiti, aliyesifika kwa kutopitisha risasi mbovu hata moja, alikaa mezani akizigeuza mkononi zile nzima, akitamani kuzikataa zote.

Siku ya kumi na mbili, Jumapili, Fundi alipiga pasi shati lake la pekee lisilo na plasta, akachukua zile mita sita zake, akaenda nyumbani kwa kina Kiberiti. Kando ya mlango wa nyumba palipigiliwa kipande cha shaba kilichong'aa kwa kuguswa. Fundi akasimama, akakigusa, ndipo akabisha hodi.

Baba mtu alikuwa anamwangalia dirishani. Akafungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakufundisha kugusa hapo?"

"Binti yako. Hakunifundisha, nilimwona."

"Ingia. Najua uliloleta. Kwamba mimi nakata, wewe unaunga."

"Hapana, baba. Nimeleta swali. Wewe unalala?"

Mzee akakaa. Viatu vyake vya kazini, visivyo na msumari hata mmoja, vilikuwa pembeni vimesuguliwa vikawa vioo. "Nalala. Si usiku wote. Mwaka nchi ilipovamiwa, watu walituletea maua getini. Miaka mingine taarifa ya habari ikianza, nazima redio. Yote mawili ni mimi, mwanangu. Wewe je, unalala?"

"Nilikuwa nalala vizuri, nikijiona msafi. Halafu nikakumbuka: kuunda goti nimejifunzia kwa majeruhi wa vita, na vita hivyo ndivyo vinavyonilisha. Tunakula meza moja, mzee, ila mimi nimekaa karibu na dirisha."

"Na mimi nakaa wapi?" Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Kiberiti, kanga kiunoni, macho mekundu.

Fundi akasimama. "Kaa popote, ila niambie ulipokaa. Nilikasirikia mambo mawili. Kazi yako bado inanikera, sikudanganyi. Kunificha ndiko kulikoniumiza."

"Niliogopa utanitazama kama ulivyonitazama siku ile."

"Nitazame sasa."

Akamtazama. Baba mtu akagundua ghafla kwamba ana jambo la dharura uani.

"Umenipitisha?" Fundi akauliza.

"Una kasoro nyingi. Nitakufikiria." Akapokea zile mita sita. "Na hizi?"

"Sajenti anasubiri soksi. Anasema bila wewe havai mguu."

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa karakanani akishona, akipigizana kelele na Sajenti. Jumatatu alirudi kiwandani. Hakuna aliyemwambia aache, wala aendelee. Miezi mitano baadaye, kwenye kaunta ile ile ya vitambaa, Fundi akatoa pete.

"Mpenzi, kule kiwandani pete haziruhusiwi. Nitaivua kila asubuhi."

"Ivue. Mimi naiomba ya jioni tu."

Mwenye duka akapiga kigelegele hadi wateja wakadhani bei imeshuka.

Wiki tatu aliivua, akaitumbukiza sandukuni kando ya simu. Wiki ya nne, Jumatatu, akafika getini, akaishika, akasimama.

"Pete, dada," mlinzi akamkumbusha.

"Haitoki."

"Tumia sabuni."

"Nimeshatumia," akasema, kidole kikavu kama karatasi.

Foleni ikaanza kunung'unika. Baba yake alikuwa wa tatu nyuma. Akasogea, akakitazama kile kidole, akamtazama mwanawe usoni.

"Mlinzi, mwache arudi," akasema. "Mkaguzi huyu nimemfundisha mwenyewe. Akikataa, amekataa." Akamfunga vizuri kilemba, kama alivyokuwa akimfunga utotoni. Kisha akaweka simu yake sandukuni, akagusa nguzo ya shaba, akaingia kazini.

Saa moja na nusu asubuhi, simu ya Fundi ikaita. Kiberiti, saa ambayo hakuwahi kupiga.

"Vipi, leo simu haijalala?"

"Fundi, nimelia kidogo, usiniulize. Cherehani yako iko huru?"

"Ipo. Ila mshonaji niliyemchumbia ana maringo."

"Anakuja. Injika chai."