Mkono wa Kushoto wa Nzanzu

Asubuhi ile Emérence alimfunga mtoto wake Orpa mgongoni, akalaza kamera ya mume wake, Nzanzu, juu ya viazi kikapuni, akaanza kushuka kwa miguu kutoka Masereka kwenda Butembo. Alikuwa amechoka. Amechoka tangu Nzanzu achukuliwe na wenye bunduki kuwabebea mizigo, huu ni mwezi wa saba sasa.

Nzanzu alikuwa mpiga picha. Aliwapiga picha watu wa mlima mzima, na yeye mwenyewe hakuwa na hata picha moja. Hulda, mama yake, alitaka kufanya matanga. Mwili hakuna, basi angalau uso uwepo mezani, kati ya mishumaa. Pengine umo katika filimu ile iliyobaki ndani ya kamera, alisema, ikasafishwe.

Filimu ilikuwa imebakiza picha moja. Emérence aliitunza kama mtu anavyomwekea chakula anayechelewa. Maadamu ipo, Nzanzu atarudi kuipiga.

Kwenye kona ya mikaratusi, mbweha alikuwa ameketi katikati ya njia. Ukungu ulimfika tumboni. Hakukimbia.

Emérence alitoa kamera, amtazame tu kupitia kioo chake.

Mbweha akainua mguu wa mbele. Wa kushoto. Akauacha hewani.

Kila alipopiga picha, Nzanzu aliwaambia wateja neno moja, akiwa ameinua mkono wa kushoto: “Hapana angalia mashini. Angalia mukono yangu.”

Orpa, aliyekuwa akilia tangu nyumbani, akanyamaza. Kidole cha Emérence kikabonyeza.

Njia ilikuwa tupu.

Kule Butembo, Maliro, msafisha picha, alimkabidhi nyuso za wateja thelathini na tano. Picha ya Nzanzu haikuwemo. Ile ya mwisho aliishika muda mrefu.

“Mama Orpa, hii foto, nani alikupiga?” alinong'ona.

Njia ile. Ukungu ule. Katikati amesimama Emérence mwenyewe, mikono mitupu, Orpa akichungulia begani. Wote wawili wameinua macho, upande mmoja, kama wateja.

“Hapana mutu,” akajibu.

Jioni, nyumbani, aliiweka picha ile mezani, akawasha mishumaa mwenyewe. Hulda akauliza uso wa mwanawe uko wapi. Emérence akaweka kidole kwenye macho ya mtoto.

“Mutoto anaangalia yeye, mama.”

Matanga yakaisha. Lakini hadi leo, ukungu ukifika mlangoni, Orpa hunyamaza. Huketi wima, akainua macho, akatulia mpaka apigwe picha.