Wimbo wa Dobi Asiyeimba

Msinisimulie majini mliyosikia kwa watu. Hili nililishuhudia mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, nikiwa chini ya sinki la nyumba ile na spana mkononi. Anayebisha aulize mabomba ya mtaa mzima yamefungwa na nani. Shule niliiacha mapema, kweli, lakini macho sikuyaacha huko.

Nyumba ilikuwa na wanawake watatu. Bibi, dobi tangu ujana wake, mwenye pasi ya mkaa iliyonyoosha mashati ya nusu ya mji. Binti yake, mshonaji. Na mjukuu, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye wote tulimwita Msomi, kwanza kwa utani, baadaye kwa fahari.

Bibi hakutumia chupa ya kunyunyizia nguo. Alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya kitambaa, fyuu, ukungu mwembamba, kisha pasi ikapita. Yakiisha, anajaza tena. Ukimsalimia yuko kazini, anakujibu kwa nyusi.

"Kwa hiyo, Bibi," nilimwambia siku moja, "yule meneja anayejidai na shati lake jeupe, amevaa mate yako?"

Alicheka hadi maji yakampalia. "Fundi, funga bomba, na mdomo wako ufunge pia!"

Basi mwalimu wa Msomi akawapa kazi chuoni: kila mmoja amhoji mzee kuhusu kazi ya mikono yake, aandike alichoambiwa. Ile programu ya akili bandia, inayokuandikia lolote ukiiagiza kwenye simu, mwalimu hakuikataza. Msomi alinisomea maagizo kwa sauti: itumieni kupanga maswali, itumieni kusahihisha lugha, na mseme mmeitumia wapi, ila maneno ya mzee yatoke mdomoni mwa mzee.

Bibi aliposikia atahojiwa, alipiga pasi gauni lake la bluu, akalivaa, akaweka kiti cha pili mbele ya chake.

"Uliza, mjukuu wangu. Nimeshavaa."

"Kesho, Bibi. Leo kichwa kinaniuma."

Kesho yake gauni likapigwa pasi tena. Msomi akaja amechelewa, simu sikioni. "Kesho, Bibi, nakuahidi." Bibi hakunung'unika. Alivua gauni, akalitundika kwa uangalifu, nami nikajifanya nachungulia bomba.

Siku ya kukabidhi kazi ikamkuta Msomi hajaandika neno. Akaiagiza simu: andika mahojiano na bibi yangu, yeye ni dobi. Ikamaliza kabla hajavua viatu. Ikasema Bibi alizaliwa kando ya mto, mama yake alizama humo akifua, na tangu hapo kila alipopiga pasi aliimba kumlilia. Hata maneno ya wimbo ikayatoa. Msomi akayatuma kama yalivyo. Mwalimu akausoma wimbo mbele ya darasa, watu wakafuta machozi.

Wiki ile ile Bibi akafariki. Mchana, kitini, gauni la bluu mwilini, kiti cha pili kitupu mbele yake.

Majini ya hadithi za wengine hupenda giza. Hili lilikuja mchana, saa za pasi. Waombolezaji walipokwisha kuondoka, mshonaji aliinua pua kutoka kwenye cherehani.

"Nani amewasha mkaa?"

Hakuna aliyewasha. Tulifungua chumba cha Bibi. Pasi ilikuwa baridi, majivu yake ya zamani. Lakini juu ya meza kulikuwa na shuka lililonyooshwa vizuri, na nilipoligusa lilikuwa na joto, joto la kitu kilichoachwa sasa hivi. Halikuwa na unyevu hata kidogo. Nguo ya Bibi ilikuwa daima na unyevu pembeni.

Siku iliyofuata ikaanza sauti.

Kwanza pasi, ikigonga meza na kuteleza, ikigonga na kuteleza, kisha chini yake mnong'ono, kisha mnong'ono ukapanda ukawa wimbo, sauti ya Bibi yenyewe, na mikwaruzo yake yote ya uzee, ikiimba nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, ikimlilia mama aliyezama, ikirudia na kurudia bila kuvuta pumzi hata mara moja, huku harufu ya mkaa ikijaa ukumbini, na harufu ya matope ya mto katika nyumba isiyo na mto jirani, hadi spana ikaniponyoka nikasahau kuiokota.

Mshonaji alimshika mwanawe mkono. "Huyo si mama," alinong'ona. "Mama hakuwahi kuimba akipiga pasi."

"Labda hukumsikia, Mama..."

"Mdomo ulikuwa na maji, we mtoto! Angeimbaje?"

Msomi akawa wa rangi ya majivu. Wimbo ule aliujua neno kwa neno.

Kibaya zaidi kilikuja taratibu. Mshonaji alianza kusema, "Kama mama alivyosimulia kuhusu ule mto." Nikamwuliza mto gani, akanitazama kama mgeni. Kila neno la sauti ile lilipoingia kichwani mwake, la kweli lilitoka. Siku moja aliacha kushona, sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Kuna jina la utani aliloniita nilipokuwa mdogo," alisema. "Kila asubuhi aliniita hivyo. Aliniitaje? Jamani, mama yangu aliniitaje?"

Hapo ndipo Msomi alipoanguka sakafuni jikoni, kando ya miguu yangu, akasema yote.

Mganga aliyeletwa alikuwa mzee wa kikohozi, amebeba mwavuli tu. Alitusikiliza kisa chote, akasikiliza na mlangoni, akatikisa kichwa.

"Hili halikutumwa na adui. Mmelitungia maisha, nalo limekuja kuyaishi. Halitoki kwa moshi. Wekeni vile viti viwili. Kila mmoja akae, aseme neno alilolisikia kwa masikio yake kutoka kwa marehemu. La kutunga lisiingie humu hata moja."

Tulipofungua kufuli tukaingia na viti, sauti iliimba kwa nguvu, kuta zikawa za moto.

Mshonaji alikaa. "Alisema... nguo ikikauka mno hainyooki." Wimbo ukayumba.

Mimi nikasema, "Aliniambia nifunge mdomo." Mganga alikohoa, nadhani alikuwa anacheka. Wimbo ukapungua.

Msomi akakaa kwenye kiti cha pili, kile ambacho hakuwahi kukikalia.

"Alisema, 'Uliza, mjukuu wangu. Nimeshavaa.'"

Wimbo ukakatika. Sote tukasikia, fyuu, pumzi moja ya maji hewani, na shuka mezani likalowa pembeni. Ni hapo mshonaji alipoanza kulia, kwa maana jina la utani lilikuwa limemrudia.

Lakini Msomi hakunyanyuka. Alikitazama kiti kitupu. "Alikufa akiwa amenikasirikia?"

Hakuna aliyejua. Basi nikamwambia: siku ile ya mwisho Bibi aliniita, akasema, "Mwambie Msomi sina kinyongo naye." Msichana alinishika shati akalia hadi nikalowa. Kesho yake alikwenda kwa mwalimu, akakiri, akafutiwa alama zote. Akaandika upya, kwa mkono wake, ukurasa mmoja, unaoanza: Bibi yangu alikuwa dobi, nami sikumuuliza.

Yote niliyowasimulia ni kweli, naapa kwa spana yangu. Isipokuwa moja. Siku ya mwisho Bibi hakuniita. Hakuniambia lolote. Maneno ya kinyongo niliyatunga mimi, pale pale, mbele ya viti vile, kwa sababu sikuweza kuvumilia kumtazama yule mtoto.

Bomba lao bado linavuja. Sina haraka ya kulimaliza. Mchana, harufu ya mkaa ikipanda, Msomi huingia chumbani akakaa kwenye kiti cha pili. Nami chini ya sinki naisikia sauti ya Bibi, bila kuvuta pumzi, ikirudia sentensi yangu. Yeye huitikia, "Asante, Bibi."