Picha Isiyokauka

Picha ya tatu haikukauka.

Etelka alikuwa ametundika picha tano kwenye kamba, juu ya karai la kufulia, katika chumba kidogo alichokizibia mwanga nyuma ya jiko la baba yake. Kufikia asubuhi nne zilikuwa zimekauka na kujikunja pembeni, kama ilivyo kawaida ya karatasi za picha. Ya tatu ilikuwa bado inadondoka, na kilichodondoka hakikuwa maji. Tone lilijivuta taratibu, likawa refu na jembamba kama kamasi ya mtoto, likaning'inia, kisha likaangukia karai bila sauti.

Aliinusa. Akajuta kuinusa. Ilikuwa harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahaulika wiki nzima chini ya sufuria.

Etelka alikuwa mtu wa kuosha kijiko kabla ya kula na baada ya kula. Tangu utotoni alilichukia handaki la mvinyo la baba yake kwa sababu ya kuta zake. Katika vilima vile vya mizabibu vya Tokaj, kuvu jeusi huota juu ya mawe ya mahandaki, nene na laini kama manyoya ya paka aliyelowa, na wenyewe hulionea fahari. Mgeni huambiwa aliguse. Mvinyo mtamu hulala miaka na miaka chini ya kuvu hilo, wala hakuna anayethubutu kulipangusa.

Safari hii alikuja kikazi. Jumba la makumbusho la mjini lilitaka picha kumi na mbili za mahandaki ya zamani, nyeusi na nyeupe, naye aliamua kuanza na la nyumbani. Lakini ukuta mweusi nyuma ya mapipa meusi ndani ya giza haupigiki picha. Kwa hiyo, bila kumwambia baba yake, alivaa glavu za mpira, akachukua brashi na chupa ya siki, ileile anayoitumia kukata ukali wa dawa wakati wa kusafisha picha, akashuka ngazi arobaini. Alisugua ukuta nyuma ya pipa la tatu mpaka jiwe likawa jeupe. Kuvu lilitoka kwa mapande, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na kila pande lilipoanguka lilitoa mnuko wa mdomo wa mtu aliyeamka na njaa.

Kisha akawasha mishumaa miwili, akafungua jicho la kamera, akaliacha wazi dakika nane. Huko chini mwanga ni haba, picha moja hutaka muda huo wote. Kitu kinachotembea hakiachi alama. Yeye mwenyewe alipita mbele ya kamera mara mbili kurekebisha mishumaa, na katika picha hakuwemo. Huonekana kile tu kilichotulia.

Na katika picha ile isiyokauka, juu ya pipa la tatu, mbele ya ukuta mweupe, palikuwa na kitu kimetulia.

Hakikuwa na uso. Kilikuwa na magoti, nayo kiliyakumbatia. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana, yenye vipele, imelowa, kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kilikaa hivyo dakika zote nane, kama mtu aliyeporwa nguo zake barabarani.

Etelka alizungushia picha gazeti, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Jikoni, baba yake, mzee Vendel, alikuwa mezani akikohoa. Magoti yake yalikuwa yamezikataa zile ngazi tangu msimu wa mavuno uliopita, hivyo hakujua yaliyotendeka chini.

"Baba, kikohozi hicho kimeanza lini?"

"Ni maharage ya Borcsa wa jirani," alisema mzee. "Mwanamke yule hupika maharage yanayotafuta kila mlango wa kutokea."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Alipoondoa leso mdomoni, Etelka aliona kilichobaki juu ya kitambaa. Kilikuwa cheusi. Kilikuwa na manyoya.

Mchana alirudi chini na kamera, mguu mmoja mbele na moyo nyuma, akapiga picha ileile, dakika nane zilezile. Ukuta ulitoka mweupe, na pipa la tatu lilikuwa tupu. Hakupata nafuu. Kama hakipo kwenye pipa, kiko wapi?

Siku mbili zilizofuata zilimjibu. Alikata mkate uliookwa asubuhi hiyohiyo, ndani ukawa na sufu nyeusi. Alifunua supu, juu yake palikuwa na utando uliopanda na kushuka taratibu, kama kifua. Daktari alikuja, akaweka kipimo mgongoni mwa mzee, akasema hayo ni mapafu ya mtu aliyefanya kazi mahandakini maisha yake yote, akaacha dawa ya maji. Jioni Etelka alipomnywesha baba yake dawa hiyo, mzee alifungua kinywa, na ulimi wake ulikuwa mweusi, umeota manyoya laini, yaliyolala upande mmoja kana kwamba kuna mtu ameyapapasa.

Bibi Borcsa, jirani, aliingia kesho yake na chungu chake. Alikuwa amefanya kazi mahandakini miaka arobaini, naye ndiye aliyeitwa pipa lilipougua au mtoto mchanga alipokataa kunyamaza. Hakumsalimia mtu. Aliukamata mkono wa Etelka, akaunusa.

"Siki."

"Ni ya kazi ya picha, Bibi."

"Uliishusha chini?"

Kutoka kitandani mzee Vendel alisema kwa sauti iliyokwaruza, "Etelka. Niambie hukuishusha."

"Nilisafisha ukuta, Baba. Kipande kidogo tu. Nyuma ya pipa la tatu."

Bibi Borcsa aliketi, chungu mapajani. "Sisi hata saladi yenye siki hatuli siku ya kushuka handakini," alinong'ona. "Na wewe, mtoto wa mwenye handaki, umemvua nguo, kisha ukammwagia siki mwilini. Ungekuwa wewe, ungekaa?"

"Nimemvua nani?"

"Unadhani tone la kwanza la kila pipa tunamrushia nani ukutani? Tunapiga rangi? Amekaa pale kabla ya babu wa babu yako. Sasa yuko uchi na ana baridi, ametafuta mahali penye giza na unyevu." Alimtazama mzee kifuani.

"Atatoka?"

"Akiombwa vizuri. Chukua leso ya baba yako. Kilichomo ukipake pale ulipokwangua, kwa mkono mtupu, bila glavu. Kisha mvinyo, funda moja, umpulizie. Na usikunje uso, mwanangu. Si chini tu, bali hata ukitoka, mpaka atakapokuwa ametulia. Aliyefukuzwa kwa kinyaa hawezi kurudi kwa kinyaa."

"Afadhali aende Borcsa," alisema mzee, akihema. "Huyu akiona nzi tu anaosha nyumba."

"Aliyekwangua si mimi," Bibi Borcsa alisema.

Etelka alishuka. Watu wa mahandaki hushika mshumaa ili ukizimika wajue hewa imekuwa mbaya, wakimbie. Wake haukuzimika, ila ulilala kuelekea ndani, kana kwamba huko mbele mtu alikuwa akivuta pumzi na hajaamua kuitoa. Aliweka mshumaa chini, akafunua leso, akachota kile kilichokuwa mle kwa vidole vyake, cha uvuguvugu, kizito, chenye nywele zilizojikusanya chini ya kucha zake, na akakipaka juu ya jiwe jeupe akiwa ametuliza uso kama anayepaka siagi mkate wa mtoto, akamfikiria baba yake alivyokuwa akimbeba mabegani kwenye ngazi hizi akimwambia asiogope, akapaka tena, na jiwe likaanza kunyonya chini ya kiganja chake, likawa laini, likawa na joto, na kitu kama ulimi kikapita taratibu kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, kikarudi, kikapita tena kati ya kidole na kidole, naye akatabasamu, akatabasamu kwa nguvu zake zote, akajaza mvinyo kinywani na kuupulizia ukuta, na mshumaa ukasimama wima.

Alipanda ngazi akiwa bado anatabasamu, mashavu yakimuuma.

Baba yake alikuwa ameketi kitandani. Ulimi wake ulikuwa mwekundu, na pumzi ilipita kifuani bila kukwaruza. "Nipe mkate na kitunguu," alisema, "kabla Borcsa hajanipa maharage."

Etelka alicheka, machozi yakamtoka. Na katika furaha ile, bila kufikiri, alifuta kiganja kwenye sketi yake. Mara mbili, kwa haraka, kama mtu anavyofuta kinyesi cha ndege.

Bibi Borcsa aliuona ule mkono. Alikitazama chungu chake, akakifunika, akaenda zake bila kuaga.

Siku ya kuondoka, mzee akiwa uani anagombana na kuku, Etelka alipiga picha ya mwisho ya handaki. Alitaka kuona kama yule mwenye pipa amerudi kwenye kiti chake. Aliisafisha chini ya taa nyekundu, akaitundika, akangoja.

Ilitoka safi kuliko zote. Mapipa yalionekana hadi misumari yake. Ukuta ulikuwa tayari umeanza kuwa mweusi. Juu ya pipa la tatu hapakuwa na kitu.

Alinawa mikono kwa sabuni, akajipangusa kwa taulo. Akanawa tena, akajipangusa tena. Chumbani hakuna kilichosogea, isipokuwa kitu kilichokuwa kikijivuta, kirefu na chembamba, kuelekea karai.

Aliinua macho kwenye kamba. Picha ilikuwa imekauka.

Mkono wake haukukauka.