Gari Lililovuja Likiwa Baridi

Kila asubuhi Tochi alifagia uwanja wa gereji. Gereji yenyewe ilikuwa mbele ya nyumba yao, karibu kabisa na mlango wa jikoni, kwa hiyo harufu ya chai na harufu ya oili zilikutana mlangoni kila siku na hakuna aliyezishangaa tena. Fundi alikuwa mama yake. Naye mama alikuwa na desturi yake ya asubuhi, ambayo aliiita kuamsha magari. Alishika kikombe cha chai mkono mmoja na funguo mkono wa pili, akapita gari moja baada ya jingine akiliwasha. Kikombe kilipoisha, injini zote zilikuwa zikinguruma na zimeshapata joto, na kazi ikaanza.

"Gari halisemi ugonjwa wake likiwa limelala," alipenda kusema. "Liamshe kwanza, ndipo ulipime."

Tochi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wateja, maana tangu akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kummulikia mama chini ya boneti. Alimulika vizuri, ila alikuwa hakomi kuuliza. Hiki kinafanya nini? Kile kinazunguka kwa nini? Sasa alikuwa darasa la sita, na maswali yake yalikuwa yamekua haraka kuliko yeye.

Ijumaa jioni, gari dogo jeupe liliingia uwanjani. Lilikuwa la Bibi Mkunga wa zahanati ya kilimani, mwanamke ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake, Tochi akiwa mmojawapo.

"Shikamoo, Bibi," Tochi alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwite mama yako, mwambie gari lake limerudi."

Mama alitoka akifuta mikono kwa kitambaa. "Gari langu tena, Bibi?"

"Si lako? Linalala kwako kuliko kwangu. Mimi kazi yangu ni kulinywesha tu."

Mama alicheka, lakini Bibi Mkunga hakucheka sana. Hii ilikuwa mara ya tatu kulileta kwa shida ile ile. Kila asubuhi alikuta kidimbwi cha maji chini ya gari. Alijaza maji kwenye rejeta, akaondoka, na maji yakapungua tena. Jana yake mshale wa joto ulipanda hadi juu kabisa, akalazimika kusimama katikati ya kilima na mama mjamzito mwenye uchungu kwenye kiti cha nyuma. Bahati nzuri lori la mchanga lilipita, likawabeba wote wawili.

Mama alifungua boneti. Joto likampiga usoni. Tochi alimulika, na mama akapapasa kila mpira wa maji, mmoja baada ya mwingine. Mpira wa chini, ule unaotoka kwenye rejeta kwenda kwenye injini, alikuwa ameubadilisha yeye mwenyewe wiki iliyopita. Nao ulikuwa mkavu kama mingine.

"Hapavuji, Bibi. Tazama mwenyewe."

"Nimetazama. Na kesho asubuhi nitakuta maji." Bibi Mkunga aliweka mkono wake begani kwa mama. "Mwanangu, watu waliposema mwanamke hawezi kufungua injini, mimi ndiye niliyekuletea gari la kwanza. Sijajuta hata siku moja. Lakini siwezi kumpakia mjamzito kwenye gari nisiloliamini. Nitalifuata Jumapili asubuhi. Likivuja tena, nitalipeleka gereji nyingine."

Alisema kwa upole, na upole ule uliuma kuliko matusi. Mtaa mzima ulijua kwamba wateja wengi walimfuata Bibi Mkunga. Walimwona akija, wakaja. Wangemwona akiondoka, wangeondoka. Jioni ile mama alikula vijiko vichache tu vya chakula, akasogeza sahani pembeni. Tochi alimwangalia, roho ikamuuma.

Alianza kuwaza. Bibi Mkunga alisema asubuhi. Kila mara alisema asubuhi. Na mama kila mara alilipima gari likiwa na joto, ama kwa kuwa limetoka njiani, ama kwa kuwa ameshaliamsha. Basi ni nani aliyewahi kulitazama likiwa baridi? Tochi alichukua boksi la karatasi ngumu, akalipasua, akalitandaza chini ya lile gari jeupe.

"Unalitandikia kitanda?" mama aliuliza.

"Nataka kujua linalala vipi."

"Haya, usisahau shuka," mama alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu.

Jumamosi Tochi aliamka kabla chai haijachemka. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, akapiga magoti, akalivuta boksi. Lilikuwa limelowa sehemu moja, na doa lenyewe lilikuwa la kijani, rangi ya dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Akalala chali, akamulika juu. Pale mpira wa chini ulipoungana na rejeta, tone lilikuwa linaning'inia. Likadondoka. Jingine likaanza kujikusanya.

"Mama! Mama, njoo! Usiwashe kitu, njoo kwanza!"

Mama alitoka mbio, chai ikimwagikia vidole. Alichungulia. "Huo ni umande, mwanangu."

"Umande wa kijani, mama?"

Mama akaweka kikombe chini, naye akalala chali pembeni yake. Walitazama matone yakidondoka moja moja. Kisha mama akainuka, akawasha injini, akarudi chini. Kadiri injini ilivyopata joto, ndivyo matone yalivyochelewa, mwisho yakakoma kabisa. Mpira ukawa mkavu kama jana jioni.

"Loo!" Mama alijipiga paji la uso. "Mwizi anakimbia kila nikija, na mimi mwenyewe ndiye ninayempigia kengele!"

Alizima injini, akachukua bisibisi. Mpira ule ulibanwa na klipu ya skrubu, ukanda wa chuma unaokazwa kwa bisibisi. "Sasa nimempata. Dawa yake ni kukaza mpaka alie."

Lakini Tochi alikuwa amemulika karibu zaidi, na alichokiona hakikumfurahisha. Ukanda ule ulikuwa umeuma mpira. Palikuwa na michubuko inayozunguka pote, na mpira ulikuwa wa wiki moja tu.

Katika gereji ile hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba amekosea kazi, sembuse mtoto wake. Akapiga moyo konde.

"Mama, naomba nikuulize. Mpira ukipata moto, si unavimba?"

"Unavimba."

"Na ukipoa?"

"Unasinyaa kidogo."

"Na klipu ya skrubu, je? Nayo inasinyaa?"

Bisibisi ya mama ilibaki hewani. "Inabaki pale pale nilipoiacha," alisema polepole.

"Na zile klipu ambazo gari lilikuja nazo kutoka kiwandani zilikuwa namna gani?"

Mama alijua, na Tochi alijua pia, kwa sababu alikuwepo zilipotolewa. Zilikuwa klipu za springi, vipande vya chuma vilivyokunjwa duara, vyenye masikio mawili ya kushika kwa koleo. Mama hakuzipenda hata kidogo. Aliziita vibanio vya nguo. Kila gari lililoingia alizitoa, akazitupa kwenye kopo, akafunga klipu za skrubu. Aliamini alichokikaza kwa mkono wake mwenyewe, basi.

"Springi haiachi kubana," mama alisema, kama anayejisomea. "Mpira ukivimba, inapanuka nao. Ukisinyaa, inaufuata. Mimi nimetoa kitu kinachoufuata mpira, nikaweka kisichosogea. Halafu kila likivuja nakaza, nakaza, nakata mpira." Akakaa chini kwenye sakafu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Vibanio vya nguo! Leo vimenianika mimi, mchana kweupe!"

Tochi alishusha pumzi. Alikuwa ametegemea mambo mengine kabisa.

"Lete kopo," mama aliagiza. "Na leo utafunga wewe. Mkono wako ni mwembamba, utafika kule chini vizuri kuliko wangu."

Walisubiri injini ipoe, wakakinga maji kwenye ndoo, wakauchomoa mpira, na mama akakata kipande kidogo cha ncha iliyochubuka, maana mpira ulikuwa na urefu wa kutosha. Kisha Tochi akamwaga kopo na kuanza kuchagua. Klipu ya kwanza iliingia kirahisi mno, akafurahi.

"Izungushe kwa kidole," mama alimwambia. Ikazunguka bila shida. "Hiyo ni kubwa. Inakaa tu, haibani. Usipende kitu kwa sababu ni chepesi kuvaa."

Ya pili ilikuwa ndogo. Ili ipite ilibidi kuipanua kupita kiasi, na mama akaikataa. "Ukiinyoosha hivyo springi inachoka, hairudi tena." Nyingine ilikuwa na kutu, ikaenda kwenye takataka. Mwisho Tochi alipata moja iliyokuwa ngumu kwa koleo, lakini ilifunguka ikapita, na alipoiachia iliukumbata mpira pande zote bila kuacha nafasi. Hakuweza kuizungusha hata kwa vidole viwili.

Akaitoa, akaiweka pembeni, na kwa furaha akausukuma mpira kwenye mdomo wa rejeta, akausukuma mpaka ukafika mwisho. Akageuka kuchukua klipu. Mama alikuwa amekunja mikono, akimwangalia.

"Umemaliza?"

Tochi aliangalia klipu mkononi, akaangalia mpira uliokwishachomekwa pande zote mbili. Klipu haikuwa na njia ya kuingilia. Akacheka kwa aibu, akachomoa mpira kwa mbinde, akavalisha klipu kwanza, kisha akarudisha mpira mahali pake.

"Sasa papasa," mama alisema. "Mdomo wa rejeta una ukingo ulioinuka. Umeusikia? Klipu isikae juu ya ukingo, wala isikae kwenye ncha kabisa ya mpira. Ikae nyuma ya ukingo. Na masikio yaelekee huku, mbali na feni."

Tochi alibana koleo kwa nguvu zake zote. Klipu ilimponyoka, akairudia. Ikaenda upande, akairudia tena. Jasho likamwingia machoni. Ghafla akaisikia ikikaa sawasawa, imetulia nyuma ya ukingo. Akaliachia koleo.

"Imekaa!" alipiga kelele. "Mama, imekaa!"

Walifunga na ya upande wa pili, wakajaza maji, wakawasha gari mpaka likapata joto, wakalizima na kuliacha. Lililala hapo siku nzima na usiku wake.

Jumapili Bibi Mkunga alikuja mapema. Tochi aliona mama yake akivuta pumzi ndefu. Ingekuwa rahisi kusema mpira ulikuwa mbovu, na hakuna ambaye angejua.

"Bibi," mama alisema, "gari lako halikuwa na ugonjwa. Kosa ni langu. Nilitoa klipu nzuri nikaweka zisizofaa, kisha sikuwahi kulitazama likiwa baridi. Mwanangu ndiye aliyegundua, na ndiye aliyefunga."

Bibi Mkunga alimtazama mama, halafu akamtazama Tochi. Alijikunja, magoti yakimlalamikia, akapitisha kiganja chini ya gari, kwenye sakafu. Akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu.

"Panda," alimwambia Tochi. "Aliyefunga ndiye atakayepanda kilima na mimi."

Gari lilishika kilima. Tochi hakuona nyumba wala watu njiani, macho yake yote yalikuwa kwenye mshale wa joto. Walipita pale Bibi alipokwama. Mshale ulikuwa katikati. Kona kali ya mwisho, injini ikaunguruma kwa juhudi, na mshale ukabaki katikati. Walipofika juu, Tochi alipiga makofi, na Bibi Mkunga, mtu mzima na heshima zake, akapiga honi mbele ya zahanati mpaka wauguzi wakatoka kutazama.

Bibi aliingia wodini, akakaa huko mpaka boneti ikapoa kabisa. Aliporudi, Tochi alikuwa amelala chali chini ya gari, anacheka peke yake.

"Vipi?"

"Hata tone, Bibi!"

Walipoteremka walimkuta mama amesimama barabarani. Bibi Mkunga alisimamisha gari palepale, majirani wakisikia.

"Fundi! Kesho dereva wa zahanati anakuletea gari la wagonjwa. Nimemwambia sitaki lipelekwe kwingine."

Mama alimkumbatia Tochi kwa nguvu, oili na yote.

"Nisikilizeni nyote wawili," Bibi aliendelea. "Gari hili limepona kwa sababu mtoto aliuliza kwa adabu na mama akakubali kwamba amekosea. Mtoto angenyamaza, ningekuwa bado nasimama kilimani. Mama angeficha, nisingemwamini tena, hata gari lingekuwa kavu. Tochi, ukiona jambo haliendi sawa, liangalie vizuri, kisha useme. Na siku utakayokosea wewe, maana itakuja, fanya kama alivyofanya mama yako leo."

Akatia gia, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Na kuanzia sasa nikiulizwa fundi wangu ni nani, nitasema ninao wawili."