Kanuni ya Saba Imekwenda Wapi?

"Nachomaaa!"

Sauti hiyo ilitoka uani kila asubuhi. Bi Chapa akiisikia, aliacha kila kitu na kuhifadhi kazi yake kwenye kompyuta. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Akiwasha mashine yake, taa za nyumba nzima zilififia, na mara nyingine kompyuta ilizimika kabisa.

Bi Chapa alikuwa na duka la uchapaji katika chumba cha mbele. Alichapa kadi za harusi, barua za shule na matangazo ya vikundi. Ndiyo maana watu walimwita Bi Chapa. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake tu.

Yeye alizaliwa bondeni. Mumewe na mama mkwe wake walikuwa watu wa mlimani. Sokoni, watu wa pande hizo mbili walielewana kwa kuchanganya maneno. Lakini katika kusoma, kila mmoja alisoma lugha ya kwao. Na wote walikunywa maji ya tangi moja.

Kwa hiyo kamati ya maji ilimpa Bi Chapa kazi ya kupanga kijitabu cha kanuni za maji kwa lugha mbili. Ukurasa wa kushoto ungekuwa wa lugha ya mlimani, wa kulia lugha ya bondeni. Watu wangesoma, kisha wapige kura.

"Chapa nakala chache kwanza," alisema katibu wa kamati. "Watu wazipitie kabla ya mkutano."

Bi Chapa alizipanga kurasa kwa programu ya kompyuta. Alisoma, akarekebisha, akasoma tena. Siku ya kuchapa, mtoto wao mdogo akaamka na homa. Bi Chapa akambeba mgongoni kumpeleka zahanati.

"Baba watoto, kazi iko tayari," alimwambia mumewe. "Wewe bonyeza tu. Printa itafanya yenyewe."

"Hilo tu? Nenda, usijali."

Mtoto alipata dawa. Nakala zikachapwa. Katibu akazichukua. Kila kitu kilionekana shwari.

Lakini siku chache baadaye mama mkwe alirudi kutoka bombani akiwa amenuna. Alitua ndoo yake kwa kishindo. Yeye alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, midomo ikichezacheza. Siku hiyo alikaa mlangoni akasoma kijitabu chote, hadi mwisho. Kisha akamwita mkwewe.

"Njoo hapa. Kuna mwanamke wa bondeni ameniuliza kama kweli sisi wa mlimani tumekubali kufungiwa maji mchana wakati wa kiangazi. Nikamwambia anaota. Akaniambia, 'Mama, imeandikwa. Kanuni ya saba.' Haya, nionyeshe. Ya saba iko wapi?"

Bi Chapa alifungua ukurasa wa mwisho. Upande wa bondeni ulikuwa na kanuni saba. Upande wa mlimani ulikuwa na sita.

"Mama, mimi niliiandika. Naapa."

"Uliiandika kwa ndugu zako," alisema mama mkwe. "Sisi tupige kura gizani. Kikulacho ki nguoni mwako. Wazee hawakukosea."

Bi Chapa alikimbilia kompyuta. Alifungua faili, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mlimani. Kanuni ya sita ilikuwepo. Chini yake palikuwa peupe. Aliikumbuka kanuni hiyo vizuri: "Wakati wa kiangazi, bomba la mlimani litafungwa mchana, na la bondeni litafungwa usiku." Aliichapa kwa vidole vyake. Sasa nani ameifuta?

Mtu mwingine mmoja tu alikuwa amekaa kwenye kiti kile.

"Baba watoto, siku ile niliyokwenda zahanati, uligusa nini?"

Mumewe alikuwa ameshika nyundo. Aliitazama nyundo, hakumtazama yeye. "Nilichapa. Si uliniambia nichape?"

"Na katibu? Niliwaona mnanong'ona getini."

"Anataka nimtengenezee dirisha."

"Dirisha linanong'onezwa?"

Mumewe alivaa miwani ya kazi. Akapaza sauti, "Nachoma!" akawasha mashine yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na baridi. Waliomba chumvi kwa kupitia watoto. Mama mkwe alianza kuangalia hata sabuni kama imepungua. Bi Chapa alimshuku mumewe, na mumewe alikwepa macho yake. Huko nje ilikuwa mbaya zaidi. Katibu alikuja akasimama mlangoni bila kuketi.

"Watu wa mlimani wanasema hawaji kwenye mkutano," alisema. "Wanasema kijitabu kimepikwa. Na wasipokuja, hakuna kanuni. Kiangazi kikifika, watu watapigana kwa ndoo. Shemeji, niambie ukweli. Uliambiwa na mtu uifute?"

"Hata wewe?" Bi Chapa alisema. Machozi yalimlengalenga.

Katibu alipoondoka, Bi Chapa alijitanda kanga akaenda kwa jirani yao, Mama Herufi. Mama huyo alikuwa amepanga kurasa za vitabu vya shule kwa miaka mingi. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Twende nikalione hilo faili," alisema. "Na mama mkwe wako awepo."

"Yule? Atanitafuna mzima."

"Awepo. Mwenye shaka haridhiki kwa kusimuliwa. Aone kwa macho yake."

Basi wakakaa watatu mbele ya kompyuta. Mama mkwe alikunja mikono. Mama Herufi alibofya juu ya maandishi ya mlimani. Mstari mwembamba ukatokea kuyazunguka.

"Mnaona? Maandishi yako ndani ya kisanduku. Sasa tazameni hapa chini, pembeni."

Palikuwa na alama ndogo nyekundu, yenye msalaba ndani yake.

"Nilidhani ni uchafu wa kioo," alisema Bi Chapa.

"Siyo uchafu. Kompyuta inakwambia: kisanduku kimejaa, yapo maneno yamebaki nje." Mama Herufi alishika ukingo wa chini wa kisanduku, akauvuta taratibu. Mstari ukatokea. Kisha mwingine.

Mama mkwe aliinama, akaweka kidole kwenye kioo. "Wa-ka-ti wa ki-a-nga-zi..." Akasoma mpaka nukta. "Toba! Ilikuwa imejificha wapi hii?"

"Ilikuwepo siku zote, mama," alisema Mama Herufi. "Haikufutwa. Ilikosa nafasi tu. Ndoo ikijaa, maji humwagika ukayaona. Kisanduku kikijaa, maneno yanajificha. Na printa haichapi kisichoonekana."

Bi Chapa alishusha pumzi. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kuridhika haraka.

"Mbona cha bondeni hakikujaa?"

"Swali zuri," alisema Mama Herufi. Alibofya maandishi ya bondeni. Ukubwa wa herufi ulikuwa kumi na moja. Akabofya ya mlimani. Kumi na nne. "Herufi za mlimani zimekuzwa. Bi Chapa, ni wewe?"

"Hapana. Niliona maneno yamepungua, sikuona herufi zimenenepa."

Ndipo wakasikia mtu akikohoa mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama hapo, miwani ya kazi juu ya kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Niliona herufi ndogo. Nikajua mama atapata taabu kusoma. Nikaongeza kidogo. Halafu maneno yalipoanza, nikaogopa. Sikujua nimeharibu nini, ila nilijua nimegusa."

"Na dirisha la katibu?" aliuliza mkewe.

"Ni dirisha kweli. Katibu hataki kaka yake ajue, maana naye atalitaka."

Mama mkwe alimgeukia mwanawe. "Yaani mlima mzima umenuna kwa sababu ya macho yangu? Mwanangu, ukinihurumia tena, ninunulie miwani."

Bi Chapa alicheka kwanza. Kisha wote wakacheka, hata fundi.

"Lakini hakukosea kutaka herufi kubwa," alisema Mama Herufi. "Wengi wanaosoma hiki wamejifunza juzi. Alikosea kukuza upande mmoja, tena bila kusema. Tukuze pande zote mbili sawa. Tengeneza mtindo mmoja wa maandishi, utumike kila ukurasa. Ukibadilisha mtindo, zote zinabadilika pamoja. Na acha nafasi chini. Lugha moja hutumia maneno mengi kuliko nyingine, usizibane."

"Kurasa zitaongezeka."

"Ziongezeke. Ila karatasi moja ukiikunja inatoa kurasa nne. Kwa hiyo hesabu yako iwe nane, au kumi na mbili. Ukiwa na kumi, mbili zitabaki tupu mwishoni mwa kijitabu, na watu watauliza kilichofutwa hapo ni nini."

"Wataniuliza mimi," alisema Bi Chapa.

Wakapanga upya. Kila kanuni ya mlimani ilikaa mkabala na ya bondeni, namba ikitazamana na namba. Kwenye kurasa mbili zilizobaki ili zifike kumi na mbili, wakaweka mchoro wa mabomba yote. Bi Chapa alipitia kila kisanduku kutafuta alama nyekundu, hakuiona. Alichapa nakala moja, akaikunja, akaibana kwa pini. Mama mkwe alisoma kanuni za mlimani kwa sauti. Jirani mwingine, mtu wa bondeni, alifuata kwa kidole katika lugha yake. Walipomaliza, Bi Chapa alitoa faili la PDF ili herufi na nafasi zisihame tena, akachapa kutoka hilo.

Katibu alipeleka nakala mpya mlimani. Alikwenda na mama mkwe, naye alieleza mwenyewe kilichotokea, mpaka na habari za macho yake. Watu wakaja mkutanoni, wengine bado wamekunja nyuso. Kila kanuni ilisomwa mara mbili, kwa lugha mbili. Ilipofika ya saba, mama mkwe alisimama.

"Nimeisoma. Ipo. Na siipendi! Mchana ndipo tunapofua."

Wakabishana kweli. Lakini safari hii walibishana kuhusu maji, hawakubishana kuhusu kijitabu. Mwishowe wakakubaliana bomba la mlimani lifungwe alasiri badala ya mchana kutwa. Kura zikapigwa, kanuni zikapita. Bi Chapa akarekebisha pande zote mbili siku hiyohiyo. Kiangazi kilipokuja, bomba lilipofungwa, wanawake wa mlimani walikaa juu ya ndoo zao wakapiga soga. Hakuna aliyerushiana maneno na mtu.

Siku hizi kazi ya lugha mbili ikiingia dukani, mama mkwe husubiri mlio wa printa. Huingia na miwani yake mipya, akavuta kiti.

"Lete. Ya mlimani nitasoma mimi. Ya bondeni anasoma nani?"

"Mimi, mama."

"Wewe ndiye uliyeandika. Aliyeandika hajikagui. Kamwite mwingine."

Na Bi Chapa huenda kumwita.