Mwezi Si Siku Thelathini

Foleni ya mapokezi ya hospitali ilikuwa imefika mlangoni pale nesi mmoja wa kiume, mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, alipoipiga meza kofi. Kompyuta ilikuwa imekataa kumpangia zamu ya mchana, ikidai inagongana na ya asubuhi.

"Moja inaisha saa nane, nyingine inaanza saa nane. Zinagongana wapi? Aliyeandika programu hii namtaka hapa!"

"Yuko nyuma yako."

Aligeuka. Binti wa gauni la njano, kompyuta kwapani, alikuwa akimtazama bila kupepesa macho.

"Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kurekebisha. Vipindi vikigusana tu, havijagongana. Kosa ni letu. Kelele ni zako."

Watu wakaangua kicheko. Nesi naye akacheka, na alipotoka kazini alikuwa na namba ya simu ya binti.

Wakapendana bila subira. Yeye alimwita Fundi. Binti alimwita Daktari Nusu, na simu zao ziliisha chaji kwa maongezi yao tu.

Fundi alitunza maktaba ya programu, yaani vipande vya msimbo wa kompyuta ambavyo mifumo mingi, ukiwemo wa hospitali ile, iliviazima kulinganisha tarehe na muda. Siku moja mkuu wake akamwagiza aandike kuwa mwezi ni siku thelathini, basi, kazi iende haraka.

"Mwezi upi?" Fundi alimuuliza mbele ya wenzake. "Bila kujua unaanzia tarehe gani, huwezi kusema una siku ngapi. Siandiki uongo."

Akaambiwa akae nyumbani mpaka apate adabu. Mabadiliko akayaandika mtu mwingine.

Nesi akamwonea huruma. Akaenda kwa mkuu yule kimyakimya, akamwombea msamaha. Habari zilipomfikia Fundi, simu ya nesi ililia kama king'ora.

"Nani kakutuma?"

"Mpenzi, nilitaka tu urudi kazini."

"Nirudi nimeinama? Umekwenda kunipigia magoti ambayo mimi nimekataa kuyapiga! Usinitafute tena."

Nesi alimtafuta hata hivyo. Fundi alizisoma jumbe zote, kisha akailaza simu kifudifudi. 

Tarehe mosi Machi, mama mmoja alimleta mwanawe kliniki kwa sindano ya kila mwezi. Ya mwisho alichomwa mosi Februari. Skrini ikaandika: siku ishirini na nane, bado mwezi haujatimia.

"Mwambie arudi keshokutwa," alisema msimamizi wa kliniki.

Nesi aliitazama kadi, akamtazama mama aliyekuwa amelowa jasho.

"Mwezi umetimia. Namchoma."

"Mashine imekataa!"

"Mashine haina mtoto."

Akamchoma. Akapewa onyo hapo hapo. Akasema watoto wote waliofikia tarehe yao atawachoma, wamfukuze wakitaka. Kisha akatoka ukumbini, akapiga simu.

"Fundi, usikate. Leo na mimi nimegoma." Akamsimulia. "Nilidhani kile kilikuwa kiburi chako tu. Nisamehe."

"Kiburi pia kilikuwepo," Fundi alijibu. "Usiwaombe radhi."

"Siombi."

Fundi alimpigia mkuu wake. Akamwambia watoto wanarudishwa bila sindano, na kwamba hatarudi mpaka mstari wa siku thelathini ufutwe. Ukafutwa kabla ya wiki kuisha. Akarudi kazini, na mchana wake akaingia kliniki, gauni jekundu, kichwa juu.

"Shangazi anasema tumejuana muda mfupi mno."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba sikumwomba ruhusa, nimempa taarifa. Nakuoa."

"Wewe ndiye utakayeolewa, mpenzi."

"Sahihisha zamu zako. Hii zamu ya kuoa ni yangu."

"Mko kazini!" msimamizi alifoka. "Nesi, unanisikia?"

Nesi alikuwa anamsikia vizuri sana. Akavua glavu, moja, halafu ya pili, akamshika Fundi mkono.

"Nimekubali," alisema, kwa sauti ya kutosha kliniki nzima.